Mhandisi wa ishara za kidijitali: nini cha kujifunza upya, nini cha kuacha kipite

Wahandisi wengi wa Tanga wanaofanya kazi na ishara za kidijitali hawajiiti hivyo. Mmoja yuko kiwanda cha saruji, anasimamia mota, feni na giaboksi. Mwingine anatunza mitambo ya kurushia matangazo ya redio. Wa tatu anahudumia vifaa tiba hospitalini, wa nne anashughulikia minara ya simu kuanzia Mabokweni hadi Muheza. Ukizitazama kwa nje, kazi hizi hazina undugu. Lakini zote zinaanzia mahali pamoja: mtetemo, sauti, mapigo ya moyo au wimbi la redio hupimwa mamia, maelfu au hata mamilioni ya mara kwa sekunde, vipimo vinakuwa namba, na namba hizo zinachujwa na kukokotolewa mpaka zitoe jibu ambalo mtu anaweza kulitolea uamuzi. Huo ndio uchakataji wa ishara kidijitali.

Walio wengi walilisoma somo hili muhula mmoja au miwili chuoni, wakafaulu mtihani, wakalifunga daftari. Miaka kumi baadaye kiwanda kinanunua vihisi visivyotumia waya, hospitali inapata mashine mpya, kampuni inabadili mitambo, na swali linaanza kuzunguka: nikasome nini?

Swali hili lina ugumu wake, kwa kuwa mambo matatu tofauti yanaitwa kwa jina moja la kujiendeleza. La kwanza ni kutimiza matakwa ya usajili wa uhandisi. La pili ni kujifunza chombo kipya kilicholetwa kazini. La tatu ni kuirudia hisabati iliyo chini ya vyombo vyote. Wahandisi na waajiri hutumia fedha na muda kwenye mawili ya kwanza. Mimi naamini hilo la tatu ndilo linalolipa zaidi, na nitaeleza kwa nini kwa kuanza na mota moja.

Umeme wetu Tanzania ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Mota ya induksheni yenye ncha mbili za sumaku ingezunguka mara 3000 kwa dakika kama ingekwenda sambamba kabisa na umeme huo, lakini ikibeba mzigo hubaki nyuma kidogo. Tuseme mizunguko 2980 kwa dakika. Gawanya kwa 60 upate mizunguko 49.67 kwa sekunde. Sasa mota inatetemeka kuliko kawaida, fundi anaweka kihisi juu ya nyumba ya beringi, na skrini inaonyesha kilele kikubwa karibu na hezi 100. Kuna watuhumiwa wawili. Mhimili wa mota ukiwa haujalingana na mhimili wa mashine inayoendeshwa, mtetemo hujitokeza sana kwenye mara mbili ya mzunguko, yaani hezi 99.33. Pengo la hewa kati ya rota (sehemu inayozunguka) na stata (isiyozunguka) likiwa halilingani pande zote, nguvu ya sumaku huvuta mara mbili kwa kila wimbi la umeme, na hiyo ni hezi 100 kamili. Tofauti ya hawa wawili ni theluthi mbili ya hezi moja. Tofauti ya gharama yao ni kubwa mno: wa kwanza hutibiwa kwa kuipanga mihimili upya pale pale ilipo mashine, wa pili huenda akadai mota ifunguliwe na kupelekwa karakana.

Kifaa cha kupimia kikiachwa kwenye mpangilio wa kawaida, mathalani masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) hadi hezi 1000 yaliyogawanywa kwa mistari 400, kila mstari unabeba upana wa hezi 2.5. Watuhumiwa wote wawili wanaingia kwenye mstari mmoja na kutoka wakiwa kilele kimoja. Hakuna kitufe cha kukuza picha kitakachowatenganisha, maana habari yenyewe haikukusanywa.

Na kwa nini mistari iwe 400, si 500 wala 512? Nimekutana na watu waliotumia vifaa hivi kwa miaka bila kuambiwa. Kifaa kinachukua sampuli 1024, yaani vipimo 1024 vinavyofuatana, namba inayoipendeza kompyuta kwa sababu ni mbili kumi zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe. Kanuni ya kuchukua sampuli inadai kasi iliyo zaidi ya mara mbili ya masafa ya juu unayotaka kuyaona. Chujio la umeme lililo mlangoni mwa kifaa, linalozuia masafa ya juu zaidi ya hayo, halikati kama kisu, hushuka taratibu, kwa hiyo watengenezaji huacha nafasi na kuchukua mara 2.56. Gawanya 1024 kwa 2.56 upate 400. Chukua 2048, unapata 800. Chukua 4096, unapata 1600. Mtu akishaliona hili, mpangilio wa kifaa unaacha kuwa jambo la kukariri.

Kinachofuata ni kanuni fupi kuliko zote katika fani hii: ili utenganishe masafa mawili, lazima usikilize muda mrefu wa kutosha. Upana wa mstari mmoja ni 1 kugawanywa kwa muda wa kurekodi kwa sekunde. Mistari 400 hadi hezi 1000 ina maana ya kusikiliza kwa sekunde 0.4 tu. Shusha masafa ya juu hadi hezi 200, chagua mistari 1600, na kifaa kitasikiliza kwa sekunde 8. Kila mstari sasa ni hezi 0.125, na kati ya 99.33 na 100 kuna mistari mitano hivi. Mitano inatosha, hata ukizingatia kwamba dirisha la Hann, ambalo vifaa vingi hulitumia ili kilele kisimwagikie kwa majirani, hukipanua kilele kidogo. Vilele viwili vinajitokeza, na uamuzi unakuwa na msingi. Sharti ni kwamba kasi ya mota isiyumbe ndani ya sekunde hizo nane. Mzigo ukipanda na kushuka, kilele cha mitambo kitasambaa huku cha umeme kikibaki kimesimama wima, na hiyo nayo ni habari. Anayetaka uthibitisho azime mota huku kifaa kikirekodi: mtetemo wa umeme unakufa papo hapo umeme unapokatika, wa mitambo unafifia pamoja na mzunguko.

Mambo yote hayo yameandikwa kwenye hisabati ya muhula ule wa chuo. Hakuna hata moja lililogunduliwa juzi. Harry Nyquist aliandika juu ya kasi ya kupeleka ishara kwenye waya za telegrafu mwaka 1928, Vladimir Kotelnikov akaifikia kanuni ya sampuli mwaka 1933, na Claude Shannon akaipa umbo tunalolifundisha leo mwaka 1949. Njia ya haraka ya kukokotoa masafa, ambayo kila mhandisi huiita FFT, ilichapishwa na James Cooley na John Tukey mwaka 1965, na baadaye ikabainika kwamba mwanahisabati Gauss alikuwa na hesabu ya namna hiyo tangu 1805 alipokuwa akifuatilia njia za sayari ndogo. Uzito wa njia hiyo uko kwenye idadi: kwa sampuli 1024, njia ya moja kwa moja inadai mazidisho zaidi ya milioni moja, FFT inafanya kazi hiyo kwa hatua kama elfu kumi.

Linganisha na vyombo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Texas Instruments ilileta TMS32010, chipu iliyofanya maagizo milioni tano kwa sekunde, na wahandisi wa wakati huo walijifunza lugha yake ya ndani kwa jasho. Maarifa hayo leo hayana pa kutumika. Chipu ndogo ya bei nafuu inayouzwa kwa wanafunzi sasa inaizidi ile mara nyingi na inaandikiwa kwa lugha ya C. Lakini mihadhara ya uchakataji wa ishara ambayo Alan Oppenheim alirekodiwa akiitoa chuo cha MIT mwaka 1975, ubaoni kwa chaki, ipo bure mtandaoni na bado inafundisha. Picha ni za zamani, mlinganyo haujabadilika hata alama moja. Mhandisi akijiuliza saa mia moja za kujisomea azielekeze wapi, tofauti hiyo imjibu.

Kuna sababu nyingine inayoifanya misingi iwe na uzito zaidi leo kuliko zamani, na hii inahusu vihisi vya bei nafuu. Kifaa cha zamani cha kupimia mtetemo kilikuwa ghali, lakini mtengenezaji alikuwa ameshakuwekea chujio la umeme kabla ya kigeuzi cha namba. Mtumiaji asiyejua kitu alilindwa. Sasa kijana mhitimu ananunua kihisi cha mtetemo kidogo kama ukucha, anakiunganisha na bodi yenye Wi-Fi, anaandika programu jioni moja, na keshokutwa kiwanda kina vihisi ishirini vinavyotuma data kwenye simu ya meneja. Naushangilia ubunifu huo kwa dhati. Nauogopa pia, kwa sababu ya masafa bandia.

Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo jaribio la masafa bandia liko barabarani. Mrekodi kwa simu mtu anayeendesha taratibu barabara za Ngamiani. Simu nyingi huchukua picha 30 kwa sekunde. Gurudumu lenye spoki 32 likienda kasi ya kilomita saba hivi kwa saa, spoki zinazopita mbele ya kamera ni kama 29 kila sekunde. Kati ya picha moja na inayofuata, kila spoki inakaribia sana kufika pale jirani yake alipokuwa, lakini haifiki. Kwenye video gurudumu litaonekana likirudi nyuma polepole, spoki moja kwa sekunde. Kamera haikuharibika. Imechukua sampuli 30 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo 29 mbele na 1 nyuma ni kitu kimoja. Anayetazama video peke yake hana namna ya kujua ukweli.

Rudi kiwandani. Gia yenye meno 37 kwenye mhimili wa mizunguko 1490 kwa dakika hutoa mlio wa hezi 919 hivi. Kihisi cha kijana wetu kinachukua sampuli 1000 kwa sekunde bila chujio mbele yake. Mlio wa 919 unajitokeza kwenye grafu kama hezi 81. Kwenye mhimili huohuo kuna beringi yenye gololi nane, na kwa makadirio ambayo mafundi wa mtetemo huyatumia, yaani 0.4 mara idadi ya gololi mara mzunguko, ufa kwenye bangili ya nje ungepiga karibu hezi 79. Grafu inapiga kelele kwamba beringi inakufa. Beringi inatolewa, ni nzima. Mara ya pili ikitokea, watu wanaacha kuiamini grafu, na siku beringi inapokufa kweli hakuna anayeitazama.

Masafa bandia yakishaingia kwenye namba hayatoki. Programu yoyote utakayoiandika baadaye, chujio lolote, akili bandia yoyote, itaiona hezi 81 kama hezi 81. Dawa inawekwa kabla ya sampuli: chujio la umeme, au kihisi chenye chujio ndani, au kuchukua sampuli kwa kasi kubwa zaidi kisha kuchuja na kupunguza. Kipengele hiki ni kurasa chache kwenye kitabu chochote cha fani hii. Kama mwajiri ana fedha ya mafunzo ya siku moja tu kwa vijana wanaofunga vihisi, ningependa siku hiyo yote iende hapo.

Kwenye vifaa tiba ugonjwa ni uleule kwa sura nyingine. Mashine ya kupima umeme wa moyo ina mpangilio wa uchunguzi, unaopitisha masafa kuanzia hezi 0.05 hadi 150, na mpangilio wa kumfuatilia mgonjwa kitandani, unaoanzia hezi 0.5 na kuishia karibu 40. Wa pili unapendeza macho: mstari umetulia, haupandi na kushuka mgonjwa anapopumua. Lakini chujio linaloanzia hezi 0.5 linaweza kuipindisha sehemu ya grafu iitwayo ST, na sehemu hiyo ndiyo daktari anayoitazama anaposhuku mshtuko wa moyo. Mhandisi anayeombwa aisafishe grafu inayochezacheza anapaswa kujua anachokitoa pamoja na uchafu. Vivyo hivyo kwa chujio la hezi 50 linaloondoa mvumo wa umeme wa ukutani: linaondoa pia kiasi cha ishara ya moyo iliyo hapo hapo. Mara nyingi jibu bora ni kurekebisha waya wa ardhini na kusafisha ngozi chini ya elektrodi kabla ya kugusa kitufe chochote.

Wenzetu wa utangazaji walipitia darasa lao kwa pamoja. Dar es Salaam ilizima mitambo ya televisheni ya analojia mwishoni mwa Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Enzi ya analojia, mawimbi yakipungua picha iliingia chenga; kadiri yalivyopungua ndivyo chenga zilivyozidi, na fundi aliweza kupima hali kwa macho. Kwenye dijitali picha hubaki safi mpaka ukingoni, kisha inakatika vipande vipande na kupotea. Fundi anayetazama picha haoni kwamba amebakiza nafasi ndogo kabla ya ukingo. Anatakiwa apime kiwango cha makosa ya biti na ubora wa modulesheni (jinsi data ilivyopandishwa juu ya wimbi), namba ambazo hazina maana kwake kama hajui zinakotoka. Nguvu ya mawimbi peke yake haitoshi, kwani yanaweza kuwa na nguvu na bado yakawa yamevurugwa na mwangwi kutoka kwenye majengo au milima.

Sasa kuhusu usajili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ipo kwa sheria ya mwaka 1997. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, hupitia mafunzo kazini yaliyopangwa kwa miaka mitatu, kisha huomba kuwa mhandisi mtaalamu. Akishafika hapo haruhusiwi kulala. Anatakiwa aendelee kujiendeleza, na kujiendeleza huko kuhesabiwe kwa pointi. Nauunga mkono utaratibu huu bila kusita. Mhandisi anayesaini kazi inayobeba uhai wa watu hawezi kubaki na elimu ya mwaka aliohitimu.

Tatizo liko kwenye namna pointi zinavyotafutwa. Pointi ni rahisi kuhesabiwa pale mtu alipokaa ukumbini, akasaini karatasi ya mahudhurio na kupewa cheti. Kwa hiyo mhandisi wa Tanga anapanda basi kupitia Segera na Chalinze, kilomita kama 350, anahudhuria semina ya jumla kuhusu teknolojia za kisasa, anarudi na begi na cheti. Semina hizo zina kazi yake. Mtu hukutana na wenzake, husikia sheria mpya, hujua nani anafanya nini. Haziwezi kumfundisha kutenganisha 99.33 na 100. Uchakataji wa ishara ni elimu ya mkono na penseli. Usipokaa na data, ukakosea, ukachora tena, hauingii. Pointi zitafutwe, ila zisichukuliwe kuwa kipimo cha kujua.

Jambo la kuchunguza kabla ya kulipia kozi ni kama kozi ina data yako ndani yake. Muulize mwalimu kama unaweza kuleta rekodi kutoka kwenye mashine yako mwenyewe. Muulize kama kutakuwa na zoezi la kuandika chujio kuanzia mwanzo, hata liwe la mistari kumi ya programu, au ni kubofya menyu tu. Muulize kama somo linagusa hesabu za namba kamili. Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini wanaoandikia chipu ndogo wanalijua: namba ya biti 16 inaishia 32767, na ukiongeza moja inageuka kuwa hasi 32768. Chujio lililofanya kazi vizuri kwenye kompyuta kwa namba za desimali linaweza kuyumba na kulia lenyewe likihamishiwa kwenye chipu, hasa likiwa la daraja la juu lililoandikwa kwa mlinganyo mmoja mrefu badala ya kuvunjwa vipande vya daraja la pili. Mwalimu anayeyajua haya ana kitu cha kukupa. Asiyeyajua atakusomea slaidi.

Wasio na fedha za kozi wana mengi ya kuanzia. Ile mihadhara ya MIT nimeitaja. Chuo cha EPFL cha Uswisi kina kozi ya fani hii iliyoanza kutolewa mtandaoni mwaka 2013, inayofundishwa na Paolo Prandoni na Martin Vetterli, na ndani yake hisabati inafuatana na mifano ya muziki na mawasiliano. Programu ya hesabu ya Octave ni bure, na lugha ya Python pamoja na maktaba zake za NumPy na SciPy ni bure vilevile. Kompyuta ya kawaida ya ofisini inazimudu. Pakua video usiku kwa bando la usiku, utazame mchana bila mtandao. Kikwazo kikubwa kinabaki kuwa upweke. Mtu anayejisomea peke yake mara nyingi hukwama kwenye namba changamani (zenye sehemu halisi na sehemu ya kufikirika), akaahirisha, na asirudi tena. Wahandisi watatu au wanne wa sehemu tofauti, wa kiwanda, wa redio, wa hospitali, wakikutana jioni moja kwa wiki na kila mmoja akaleta rekodi yake, wanakwenda mbali zaidi, kwa sababu kila mmoja ataona hesabu yake ileile ndani ya kazi ya mwenzake.

Kwa kikundi cha namna hiyo Tanga ina zoezi zuri kuliko miji mingi, kwa kuwa ina bandari. Meli kubwa hutangaza majina yao, mahali zilipo na mwendo wao kupitia mfumo wa AIS, kwenye megahezi 161.975 na 162.025. Kinachotakiwa ni kipokezi kidogo cha USB kilichotengenezwa awali kwa televisheni ya dijitali, aina yenye chipu ya RTL2832U, na waya wima wa sentimita 46, ambao ni robo ya urefu wa wimbi. Tafuta mahali palipoinuka panapoiona ghuba, upande wa Raskazone kwa mfano. Kupokea tu kunatosha. Ukitaka kurusha mawimbi, hiyo ni habari nyingine na inahitaji leseni ya TCRA.

Kipokezi kinatoa sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, kila moja ikiwa jozi ya namba za biti 8. Meli inatuma biti 9600 kwa sekunde. Kati ya namba hizi mbili limelala somo zima. Kwanza unaihamisha chaneli hadi katikati ya masafa, na hapo utakutana na namba changamani zikiwa na kazi ya kufanya. Kisha unachuja na kupunguza sampuli mara 50 ili zibaki 48,000, yaani tano kwa kila biti. Ukipunguza bila kuchuja, yale masafa bandia ya spoki yanarudi na kuuzika ujumbe. Ukipunguza kwa hatua mbili, mara 10 kisha mara 5, utaona kompyuta inapumua, na utaelewa kwa nini mitambo ya simu hufanya hivyo. Baada ya hapo unageuza mabadiliko ya masafa kuwa biti, unaitafuta saa ya mtumaji ambayo haiendi sawasawa na yako, na mwishoni unakagua hesabu ya kuthibitisha kwamba hakuna biti iliyoharibika. Meli iliyotia nanga hutangaza mahali ilipo kila baada ya dakika tatu hivi, inayotembea hutangaza kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo hutakosa data. Programu zilizo tayari zipo na zitakupa jibu kwa dakika moja. Ziwekwe kando mpaka kikundi kipate jina la meli ya kwanza kwa msimbo wake chenyewe, ndipo zitumike kusahihishia.

Limebaki la akili bandia, maana siku hizi karibu kila tangazo la kozi lina neno hilo. Inastahili kusomwa. Mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, ukipewa picha ya masafa yanavyobadilika kwa muda unaweza kutambua hitilafu ya giaboksi au sauti ya ndege msituni Amani kwa namna ambayo sheria za mkono zinashindwa. Lakini asiyejua picha hiyo ya masafa imetengenezwaje, kwa dirisha la urefu gani na kwa kasi gani ya sampuli, hatajua mfumo wake umejifunza nini. Kosa linalorudiwa sana ni hili: mtu anarekodi mashine nzima kwa dakika moja na mashine mbovu kwa dakika moja, anazikata vipande vya sekunde moja, anavichanganya, sehemu anafundishia na sehemu anajaribia. Matokeo yanakuwa karibu asilimia mia. Mfumo umeitambua rekodi, yaani mvumo wa siku ile, mahali kihisi kilipobandikwa, mzigo wa saa ile, ubovu haujaugusa. Upeleke kwenye mota nyingine ya aina hiyohiyo uone. Njia ya haki ni kujaribia kwa mashine ambayo haikuwahi kuonekana kwenye mafunzo, na hilo linahitaji kiwanda kiwe kimetunza rekodi za mashine nyingi kwa miaka.

Hapo ndipo waajiri wa Tanga wanapoweza kusaidia bila kutoa fedha nyingi. Vifaa vya kupimia katika sehemu nyingi huhifadhi grafu tu, na namba ghafi hufutwa nafasi ikijaa. Diski ya kuhifadhia ni rahisi kuliko beringi moja kubwa. Kila rekodi itunzwe na kasi yake ya sampuli, tarehe, mahali kihisi kilipokaa, mzigo wa mashine, na baadaye maelezo ya kilichokutwa mashine ilipofunguliwa. Mhandisi akipewa saa mbili kwa wiki za kuzipitia rekodi hizo pamoja na fundi aliyeshika spana siku ile, ana kozi ambayo hakuna chuo kinachoweza kumuuzia, na kumbukumbu ya kazi hiyo, ikiandikwa vizuri, ni jambo la kupeleka mbele ya Bodi na kuomba lihesabiwe.